Ngoma Zilizotoka Topeni

Zumbi alipouawa tarehe 20 Novemba 1695, kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Recife, Brazili, na kutundikwa mahali pa wazi. Watawala wa Kireno walikuwa na sababu yao. Palmares, makazi ya watumwa waliotoroka mashamba ya miwa, yalikuwa yamewasumbua kwa sehemu kubwa ya karne ya 17, na miongoni mwa Waafrika waliobaki utumwani zilivuma habari kwamba Zumbi, kiongozi wa makazi hayo, hafi. Kichwa kiliwekwa pale ili kila apitaye ajionee. Karne tatu baadaye, katika mji uleule, wapiga ngoma wa mitaa ya kimaskini waliungana na vijana wapiga magitaa waliolelewa na santuri za roki, wakaunda kundi wakaliita Nação Zumbi, Taifa la Zumbi.

Likiwa na mwimbaji wake wa kwanza, Chico Science, kundi hilo lilitoa albamu mbili tu: Da Lama ao Caos ya mwaka 1994 na Afrociberdelia ya 1996. Toleo la Brazili la jarida la Rolling Stone lilipochapisha orodha ya albamu 100 bora za nchi hiyo mwaka 2007, ya kwanza ilishika nafasi ya 13 na ya pili nafasi ya 18. Hiyo ni sifa kubwa, lakini haigusi jambo lenyewe. Wanamuziki wengi wa roki wamewahi kualika ngoma za kienyeji studio, zikapigwa kidogo kunogesha wimbo, zikarudishwa zilikotoka. Nação Zumbi walifanya kinyume. Ngoma ndiyo iliyokaa katikati na gitaa likatafuta pa kusimama. Uamuzi huo wa kimuziki ulikuja kubadili namna jiji zima lilivyojitazama.

Recife iko katika jimbo la Pernambuco, kaskazini-mashariki mwa Brazili, pale mito ya Capibaribe na Beberibe inapoingia Atlantiki. Ni jiji la visiwa, madaraja na mikoko. Wareno waliipenda kwa bandari yake, na Waholanzi walioiteka na kuitawala kuanzia 1630 hadi 1654 waliipenda kwa sababu hiyohiyo: sukari ya Pernambuco ilitokea hapo. Ardhi kavu ilikuwa haba tangu mwanzo. Kila kizazi kilifukia kipande cha mikoko ili kijenge, na wasio na fedha za kununua ardhi iliyofukiwa walisimamisha vibanda juu ya nguzo, topeni kabisa, maji yakijaa na kupwa chini ya sakafu.

Aliyeyaeleza maisha hayo kuliko mtu mwingine yeyote ni Josué de Castro, tabibu na mwanajiografia aliyezaliwa Recife mwaka 1908. Kitabu chake Geografia da Fome, yaani Jiografia ya Njaa, kilitoka 1946, na kuanzia 1952 aliongoza Baraza la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. De Castro alikuwa ameuona tangu utotoni mzunguko ambao hakuweza kuusahau. Watu wa mikokoni hula kaa. Kaa nao hula kilichomo topeni, pamoja na uchafu wa watu walewale. Kisha watu huwavua tena na kuwala. Riwaya yake kuhusu maisha hayo, Homens e Caranguejos, Watu na Kaa, aliiandika akiwa uhamishoni, kwa kuwa wanajeshi waliotwaa madaraka mwaka 1964 walimvua haki zake za kisiasa. Alifia Paris mwaka 1973. Alipotajwa kwa jina katika wimbo uliobeba jina la albamu ya Da Lama ao Caos, vijana wengi wa Brazili walikuwa hawajawahi kumsikia darasani.

Utawala wa kijeshi ulikwisha mwaka 1985, lakini uhuru haukujaza sufuria za watu. Bei zilipaa, kazi zilikauka, na kaskazini-mashariki iliumia kuliko kusini. Ndipo utafiti wa taasisi moja ya Washington iliyoshughulikia masuala ya idadi ya watu ukaitaja Recife kuwa jiji la nne duniani kwa ubaya wa maisha. Habari hiyo iliwachoma wenyeji. Vijana wenye uwezo walikuwa wakihamia São Paulo na Rio de Janeiro, na walioshindwa kuondoka waliishi kana kwamba wameachwa kituoni. Watu walipozungumzia utamaduni wa Pernambuco walizungumzia enzi zilizopita: kanivali za zamani, wafalme wa zamani, washairi wa zamani.

Francisco de Assis França, ambaye baadaye angeitwa Chico Science, alizaliwa tarehe 13 Machi 1966, akakulia mtaa wa Rio Doce katika mji wa Olinda, jirani wa mlango kwa mlango na Recife. Utotoni alivua kaa mikokoni na kuwauza. Kazi hiyo haifanywi kwa mbali: mtu hulala kifudifudi topeni, huzamisha mkono shimoni hadi begani, kisha hupapasa taratibu amshike kaa mgongoni kabla kaa hajamuwahi kwa gando. Nyimbo zake zilipokuja kujaa tope, kaa na maji yanayojaa, hakuwa akiazima picha kitabuni. De Castro alimpa maelezo ya mambo ambayo mikono yake ilishayajua.

Miaka ya 1980 Chico, kama alivyoitwa na wote, alicheza dansi za mitaani katika kikundi cha Legião Hip Hop pamoja na rafiki yake Jorge du Peixe. Walipenda fanki ya James Brown na muziki wa kufokafoka wa New York. Baadaye akaanzisha Orla Orbe, kisha Loustal, kundi lililokuwa na Lúcio Maia kwenye gitaa na Alexandre Dengue kwenye besi. Mchana aliajiriwa Emprel, kampuni ya manispaa ya Recife ya kuchakata taarifa kwa kompyuta. Jina la Science alipewa na rafiki yake Renato L., mwandishi wa habari na mpenzi mkubwa wa santuri, kwa jinsi alivyokuwa hachoki kuchanganya sauti na sauti kama mtu wa maabara.

Huko Emprel ndiko mambo yalikogeuka. Mfanyakazi mwenzake, Gilmar Bolla 8, alikuwa mpiga ngoma wa Lamento Negro, kikundi cha mtaa wa Peixinhos kilichojifunzia katika kituo cha jamii cha Daruê Malungo, kwenye mtaa wa Chão de Estrelas. Alimwalika Chico aje kusikiliza mazoezi. Lamento Negro walipiga hasa samba-rege, mtindo uliokuwa ukivuma kutoka Salvador, lakini walikuwa na mikono iliyozijua pia ngoma za Pernambuco. Chico alisikia humo kitu ambacho bendi zake mbili za mwanzo zilikuwa zimekikosa. Muda si mrefu aliingia katika baa moja ya mtaa wa Graças, walikozoea kukutana, akawaambia wenzake kwamba amepata mchanganyiko mpya na atauita mangue, yaani mikoko. Juni 1991 mchanganyiko huo ulipigwa hadharani huko Olinda.

Ngoma yenyewe inastahili kusogelewa. Inaitwa alfaia. Zile za kale zilichimbwa kutoka gogo la macaíba, mti wa jamii ya michikichi. Ngozi ya mbuzi huwambwa pande zote mbili na kubanwa kwa pete nene za mbao, na kamba hupita toka pete ya juu hadi ya chini, zikikatana ubavuni mwa ngoma. Akitaka sauti ipande, mpigaji hukaza kamba. Hewa ikiwa na unyevu ngozi hulegea na kazi huanza upya. Alfaia huning'inizwa begani, ikalala mbele ya paja. Fimbo zake mbili hazilingani: ya mkono wa kulia ni nene na hutoa pigo zito, ya kushoto ni nyembamba na kazi yake ni kujibu. Ngoma kubwa hushika msingi, za kati hujaza, ndogo hurembesha, na juu yake hukaa kingoma cha mshindo mkavu, kengele ya chuma na kayamba. Alfaia ishirini zikipigwa kwa pamoja katika kichochoro cha Recife, sauti huingia kifuani kabla ya masikioni.

Muziki huo ni maracatu, na asili yake ni kutawazwa kwa wafalme wa Kongo. Tangu zama za utumwa, Waafrika wa Pernambuco na wazao wao walichagua mfalme na malkia wao chini ya undugu wa kanisa wa Bikira Maria wa Rozari wa watu weusi. Watawala waliruhusu sherehe hizo wakiamini kwamba mfalme anayetambuliwa atawatuliza watu wake. Waliotawazwa waliona mbali zaidi ya hapo: ndani ya maandamano ya kanisa walihifadhi ngoma, vyeo na ibada zao. Makundi hayo huitwa mataifa hadi leo. Taifa la Elefante, kwa mapokeo, lilianzishwa mwaka 1800, na Leão Coroado mwaka 1863. Dona Santa, malkia mashuhuri wa Elefante, alipofariki mwaka 1962, taifa lake liliacha kuandamana na vifaa vyake vikaishia makumbusho. Miaka ya 1980 yalikuwepo mataifa yaliyoendelea kujitoa kila kanivali kwa jasho la wanachama wake, lakini kijana wa tabaka la kati aliyetaka kuonekana wa kisasa hakuvaa alfaia begani.

Hapo ndipo uzito wa uamuzi wa Nação Zumbi unapoonekana. Mwanzoni hawakuwa na seti ya drams kabisa. Gilmar Bolla 8, Gira na Jorge du Peixe walipiga alfaia, Canhoto alishika kingoma cha mshindo mkavu, na Toca Ogan alitawala ngoma nyingine zilizobaki. Bendi za roki kwa kawaida zilitegemea drams kuunganisha gitaa na besi, kwa hiyo hapa kila mtu alilazimika kujifunza upya. Alfaia tatu hula sauti yote ya chini. Besi ya Dengue haikuweza kunguruma tu, ilibidi ipenye katikati ya mapigo. Lúcio Maia naye alikuta nafasi iko juu, akaijaza kwa gitaa la mikwaruzo lililosikika mara roki nzito, mara fanki, mara kitu kisicho na jina. Chico alifokafoka mbele ya yote hayo kwa lafudhi ya Recife bila kuilainisha ili akubalike kusini. Alivaa kofia ya ukindu na miwani myeusi, na alicheza akitembea upande-upande, mikono imepinda kama magando.

Mwaka 1992 harakati hiyo ilipata maandishi yake. Fred Zero Quatro, mwandishi wa habari na kiongozi wa bendi ya Mundo Livre S/A, aliandika Caranguejos com Cérebro, Kaa Wenye Ubongo, kurasa chache zilizopelekwa magazetini kama taarifa kwa waandishi na zikapokelewa kama ilani. Ilianza na sayansi: mikoko ni miongoni mwa mazingira yenye rutuba kubwa kuliko yote, mahali pa kuzaliana kwa samaki na viumbe wasiohesabika. Ikageukia jiji lililofukia mikoko hiyo na kuziba mito yake kwa jina la maendeleo, likajikuta linakufa. Mwisho ikaeleza vijana waliotaka kuutia umeme mwili huo ungali na uhai. Nembo yao ilikuwa dishi la setilaiti lililochomekwa topeni. Wengi wameinukuu nembo hiyo kama mapambo mazuri tu. Uzuri wake ni kwamba inadai vitu viwili kwa mpigo: tope libaki tope, na mawimbi ya dunia nzima yapokelewe papo hapo.

Mwaka 1993 tamasha la Abril Pro Rock lilianzishwa Recife na kundi likapanda jukwaani. Sony ikawasaini kupitia lebo yake iliyoitwa Chaos. Walirekodi Rio de Janeiro, katika studio ya Nas Nuvens, na mtayarishaji alikuwa Liminha, ambaye miaka ya 1970 alipiga besi katika Os Mutantes, bendi iliyofungua njia ya roki yenye sura ya Kibrazili. Jalada la albamu, lenye kaa aliyepitishwa kwenye kompyuta, lilisanifiwa na marafiki wa palepale Recife waliojiita Dolores na Morales.

Da Lama ao Caos, Toka Topeni Hadi Vurugu, inaanza kama mkutano wa hadhara. Chico anawataja waasi: Zapata, Sandino, Zumbi, Antônio Conselheiro, Black Panthers na Lampião, jambazi maarufu wa nyika kavu za kaskazini-mashariki, kisha bendi inalipuka na wimbo unaouliza ujambazi unatoka wapi ikiwa hautoki katika tabaka. “A Cidade” inalitazama jiji linaloinuka juu ya migongo ya wanaolijenga, aliye juu akizidi kupanda na wa chini akizidi kushuka. “Samba Makossa” inaunyooshea mkono muziki wa Kameruni. “A Praieira” ni ya pwani na ya furaha, na ndiyo iliyosikika majumbani mwa Wabrazili wote kupitia tamthilia ya televisheni ya Tropicaliente. Ni albamu ya mawazo mengi kuliko muda, na kila wazo lina miguu.

Hata hivyo, ina kasoro moja ambayo watu wa Recife hawakuacha kuisema: ngoma zimepungua uzito. Waliowasikia jukwaani walizoea alfaia zinazotikisa sakafu. Studio za Rio zilijua kurekodi drams vizuri sana, lakini ngoma tatu za kamba zinazogongana sauti za chini zilikuwa mtihani mpya. Lawama isimwangukie Liminha peke yake, kwani hakukuwa na santuri ya kuiga.

Nyumbani pia hawakupigiwa makofi na kila mtu. Ariano Suassuna, mwandishi wa tamthilia ya Auto da Compadecida na mwanzilishi wa harakati ya Armorial ya mwaka 1970, alikuwa ameutumia umri wake kujenga sanaa ya juu kutokana na mila za kaskazini-mashariki. Kuanzia mwaka 1995 alikuwa waziri wa utamaduni wa jimbo la Pernambuco. Kwake, gitaa la umeme lilikuwa uvamizi. Inasimuliwa sana kwamba alisema anaikubali nusu moja ya jina la kijana yule, Chico, na kwamba Science angeigeuza iwe ya Kireno. Mabishano yao yalikuwa ya watu wawili waliopenda kitu kimoja. Suassuna aliogopa mila ifie mikononi mwa soko. Chico aliona inafia kabatini.

Mwaka huohuo wa 1995 kundi lilisafiri Marekani na Ulaya. New York walipiga katika Central Park pamoja na Gilberto Gil, na pia katika klabu ya CBGB, palipozaliwa panki ya Marekani. Gil hakuja kama mgeni wa heshima tu. Mwaka 1967 yeye mwenyewe alikuwa amepanda jukwaani na Os Mutantes na kusababisha ugomvi kwa kuleta magitaa ya umeme kwenye shindano la nyimbo za Kibrazili. Aliwatambua vijana hawa.

Afrociberdelia ilitoka mwaka 1996, safari hii kundi likiwa mtayarishaji pamoja na Eduardo BiD. Hapa uzito wa ngoma unasikika hatimaye. Pupillo aliingia na seti ya drams, lakini alikuja kujipanga nyuma ya alfaia, akiacha mapengo mahali ambapo mpiga drams mwingine angejaza. Zaidi ya hayo, walishajifunza kutumia studio kama chombo: sauti zilizokatwa na kubandikwa, mwangwi wa Jamaika, tarumbeta, na vipande virefu visivyo na maneno. Gil na mfokaji Marcelo D2 wanasikika katika “Macô”. “Manguetown” inamtembeza msikilizaji katika mitaa yenye uvundo ya jiji la mikoko bila kumwomba huruma. Kijitabu cha ndani kina maelezo ya mwandishi Bráulio Tavares, aliyoyatunga kama ukurasa wa kamusi ya siku zijazo.

Wimbo uliojulikana zaidi, “Maracatu Atômico”, haukuwa wao. Ulitungwa na Jorge Mautner na Nelson Jacobina, na Gil aliuimba miaka ya 1970. Kampuni ya santuri ilitaka kitu cha redio, kundi likakubali kwa shingo upande, na matokeo yake leo ni vigumu kwa Mbrazili wa chini ya miaka hamsini kuusikia bila sauti ya Chico kichwani. Anayetaka kulijua kundi hili na aanzie kwenye albamu hii ya pili. Ya kwanza ina moto, hii ina moto na jiko.

Jumapili ya tarehe 2 Februari 1997, wiki moja kabla ya kanivali, Chico Science alikuwa akiendesha gari kutoka Recife kwenda Olinda. Gari lilipoteza mwelekeo eneo la Salgadinho, pale hasa miji hiyo miwili inapokutana, likagonga nguzo. Alikuwa na umri wa miaka 30. Alizikwa katika makaburi ya Santo Amaro mbele ya umati wa watu.

Wengi walidhani kundi nalo limezikwa siku hiyo. Mwaka 1998 ilitoka CSNZ, santuri mbili zilizochanganya nyimbo mpya, maonyesho ya jukwaani na nyimbo zilizopikwa upya na wanamuziki wengine, na aliyesimama kwenye kipaza sauti alikuwa Jorge du Peixe, mcheza dansi wa zamani aliyekuwa amepiga alfaia miaka yote ile. Sauti yake ni nzito na ya chini, haina mbio za Chico, na alikuwa na busara ya kutojaribu kumuiga. Rádio S.Amb.A. ya 2000 ilitolewa bila kampuni kubwa. Ikafuata albamu iliyoitwa Nação Zumbi tu, ya 2002, ambayo huenda ndiyo nzito kuliko zote walizowahi kurekodi, halafu Futura ya 2005, na Fome de Tudo ya 2007, ambamo njaa ya De Castro inarudi ikiwa njaa ya kila kitu. Nyingine yenye jina la kundi ilitoka 2014. Ni albamu nyingi kuliko zile za wakati wa Chico, na bado magazeti hupenda kuandika kana kwamba historia yao ilikwisha 1997. Hiyo si haki kwa wapigaji wale.

Athari ya kundi ilitoka nje ya Brazili mapema. Max Cavalera, aliyekuwa ametoka bendi ya Sepultura, aliwaalika Jorge du Peixe na Gilmar Bolla 8 katika albamu ya kwanza ya bendi yake mpya, Soulfly, mwaka 1998. Sepultura wenyewe walirekodi “Da Lama ao Caos” mwaka 2013. Ndani ya nchi njia ilikuwa fupi zaidi. “Quando a Maré Encher”, wimbo wa bendi ya Eddie ya Olinda kuhusu kuoga mferejini maji yakijaa, uliingia katika Rádio S.Amb.A., na mwaka uliofuata mwimbaji Cássia Eller akauimba pamoja na Nação Zumbi katika onyesho la televisheni lililotazamwa nchi nzima. Filamu nazo zilifaidika. Baile Perfumado, filamu ya Paulo Caldas na Lírio Ferreira kuhusu mpiga picha aliyemfuata Lampião nyikani, inakimbia kwa mdundo wa Chico na wenzake, na iliamsha sinema ya Pernambuco iliyokuwa imelala kwa miaka mingi. Hilton Lacerda, mmoja wa wasanifu wa lile jalada la kaa, aliiandika skripti yake na baadaye akawa mwongozaji wa filamu ya Tatuagem.

Lakini athari iliyo kubwa zaidi ilikuwa kwa ngoma zenyewe. Alto José do Pinho ni mtaa wa kilimani uliokuwa ukitajwa magazetini kwa ajili ya uhalifu. Miaka ya 1990 ulijulikana ghafla kama nyumbani kwa bendi ya panki ya Devotos do Ódio, wafokaji wa Faces do Subúrbio, na taifa la maracatu la Estrela Brilhante. Vijana wa tabaka la kati walianza kupanda kilima hicho kujifunza alfaia kwa walimu ambao wazazi wao wasingewajua kwa majina. Vikundi vya maracatu vikazuka São Paulo na Rio, kisha Ujerumani, Uingereza, Ufaransa na Kanada, na mafundi wa Recife wakapata wateja wa ngoma wasioishi Brazili. Desemba 2014 taasisi ya taifa ya urithi, IPHAN, ikautangaza rasmi maracatu wa mataifa kuwa urithi wa utamaduni wa Brazili.

Mataifa yenyewe hayakupokea mabadiliko hayo kwa shangwe tupu. Taifa la maracatu lina malkia, lina mwanasesere mtakatifu anayebebwa mbele ya maandamano, lina wafu wake na miungu yake. Mtu anaweza kujifunza mapigo yote kwa miezi sita na asijue lolote kati ya hayo. Ipo pia hesabu ya fedha. Bendi zililipwa kwenye matamasha makubwa huku wanachama wa mataifa wakiendelea kushona mavazi ya kanivali kwa mikopo na kungoja ruzuku inayochelewa. Nação Zumbi hawakudai kamwe kuwa wao ni taifa la maracatu, na tofauti hiyo waandishi wengi wa kusini waliipuuza. Malalamiko ya mataifa ni ya kweli. Ni kweli vilevile kwamba kabla ya Nação Zumbi ilikuwa nadra mpiga alfaia kupewa nafasi ya katikati ya jukwaa la roki.

Recife imemkumbuka Chico kwa njia nyingi: kuna ukumbusho wake katika uwanja wa São Pedro, sanamu yake katika Rua da Moeda, kaa mkubwa wa chuma kando ya mto Capibaribe, hata barabara ya chini kwa chini yenye jina lake. Ufukiaji na ujenzi havikusimama kwa ajili hiyo. Eneo la Cais José Estelita, lenye maghala ya zamani ukingoni mwa maji, liliuzwa kwa mnada mwaka 2008 kwa wajenzi waliopanga kusimamisha minara ya ghorofa. Mwaka 2014 vijana walilivamia na kupiga kambi humo, wakidai jiji liulizwe kwanza. Miongoni mwa waliokwenda kuwaimbia walikuwemo wanamuziki waliotokana na harakati ya mikoko, na nyimbo za Da Lama ao Caos, zilizokuwa na umri wa miaka 20 wakati huo, ziliweza kuimbwa pale bila kubadilishwa neno. Polisi waliwaondoa Juni mwaka huohuo, na maghala yakabomolewa 2019.